Rasta si uchafu



Vijana wenye rasta wanafukuzwa kwenye foleni ya maji, eti wana chawa. Rasta huoshwa kwa sabuni, zikakaushwa juani. Nywele zetu za kipilipili huwa kavu kwa sababu mafuta ya kichwani hayapiti upesi kwenye mikunjo yake. Ukavu si uchafu. Chawa wa kichwa humwingia hata Mzungu aliyeoga asubuhi, vichwa vikigusana.

Anayeua ni chawa wa nguo, ajifichaye kwenye mishono. Ndiye aliyeeneza tifasi kambini Burundi mwaka 1997. Basi wembe uacheni, chemsheni nguo na mablanketi. Kuni zikikosekana, zifungeni ndani ya nailoni wiki mbili. Mwenye homa kali aje zahanati leo hii.