Tanzia haitumwi kama bei ya dagaa

Ndugu msikilizaji, juma hili nazungumzia jambo linalotugusa sote, tulioko hapa Mwandiga na walioko Ujiji na Kigoma mjini: namna tunavyopashana habari za msiba katika zama hizi za simu za mkononi.

Wenye umri wa miaka arobaini na zaidi wanakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Fulani anasikitika kutangaza kifo cha ndugu yake. Kisha hufuata orodha ya jamaa: habari ziwafikie fulani wa Mwandiga, fulani wa Kasulu na fulani wa Kagunga, popote walipo. Nyumba nzima hunyamaza kusikiliza.

Utaratibu ule ulikuwa wa polepole, na ulikuwa na hasara zake. Aliyefiwa Dar es Salaam alipanda treni ya reli ya kati akakaa njiani siku mbili au zaidi. Wengi walikuta maziko yamekwisha.

Simu imepunguza hasara hiyo. Ujumbe mmoja wa WhatsApp hufika Manyovu, Dar es Salaam na Muscat kwa dakika moja. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo zikafuata, rambirambi huweza kufika kabla sanda haijanunuliwa. Asiyeshukuru kwa hilo hajapata kufiwa akiwa mbali.

Lakini tangazo la redio lilikuwa na mwenyewe. Lilitaja aliyelitoa na waliokusudiwa kulisikia. Leo tanzia hutumwa na yeyote. Ajali ikitokea, mpita njia hupiga picha kwanza, na picha ile hufika kwa watu wasiomjua marehemu kabla mzazi wake hajaambiwa.

Chukua mfano wa mama anayeuza mawese sokoni. Simu yake ni kitochi, haina makundi wala picha. Jirani yake wa meza ya pili ana simu janja. Anasogea na kumwambia, “Mama, pole kwa msiba.” Naye anauliza, “Msiba wa nani?”

Hapo jirani hana la kujibu. Nyumbani, wajomba walikuwa wakipanga nani aende kumwita, nani amkalishe, na nani amshike mkono. Habari imewatangulia, na mama yule ameipokea amesimama katikati ya wateja.

Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na imekataza kusambaza habari za uongo. Lakini kifo hiki ni cha kweli. Aliyetuma hakudanganya, aliwahi tu kusema lisilokuwa lake kusema. Dawa yake iko mikononi mwetu.

Basi, wakuu wa makundi ya ukoo, ya mtaa na ya kazini waweke sharti moja: tanzia itolewe na mwenye msiba, au na mtu aliyetumwa naye, na jina lake liwepo. Picha ya maiti ifutwe, isipelekwe mbele. Na ukisikia msiba wa jirani, nyanyua miguu uende kuuliza wakubwa wa nyumba kabla ya kunyanyua simu.

Bei ya dagaa ikichelewa, mtu hukosa faida ya siku moja. Lakini yule mama wa mawese ataikumbuka siku ile ya sokoni maisha yake yote.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.