Fedha Iende Mzigo Uliko
(Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye Mkutano Mkuu wa mwaka)



Michango ya leo ni kwa ajili ya afya ya watu wetu Singida. Kamati tumeombwa tueleze fedha hizi zitumikeje.

Kwa kawaida tukitaka kujua ugonjwa upi ni mkubwa, tunahesabu misiba. Hesabu hiyo haitoshi. Tangu Benki ya Dunia ilipotoa ripoti yake ya afya mwaka 1993, wataalamu huhesabu miaka: ile inayopotea mtu anapokufa mapema, wakijumlisha na ile anayoishi akiwa mgonjwa au mwenye ulemavu. Mtoto wa miaka miwili akifa kwa malaria, tumepoteza zaidi ya miaka 60. Bibi akiishi miaka 15 bila kuona, hiyo nayo ni hasara, ingawa hakuna tanga lililowekwa.

Kwa mizani hiyo nchi hulinganishwa. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zinaonyesha Mjapani alitarajiwa kuishi takriban miaka 84, na Mtanzania takriban 67. Wote wawili, karibu miaka tisa au kumi kati ya hiyo huipitisha katika maradhi. Tofauti ni kwamba sisi tunaikata kwenye maisha mafupi zaidi.

Je, hesabu hii ina faida gani kwa wachangiaji kama sisi? Mfano upo hapa hapa nchini. Miaka ya 1990, Wizara ya Afya na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo cha Kanada walifanya kazi Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amekufa na aliugua nini. Ikaonekana kuwa Morogoro malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka iliyopotea, lakini ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Halmashauri zikapanga upya matumizi, kwa nyongeza isiyofika dola moja kwa kila mwananchi kwa mwaka. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000.

Sasa turudi kwetu. Kanda yetu ya kati ni kavu, maji ni ya shida, na trakoma, yaani vikope, tunaijua tangu zamani. Haiui. Kope hugeukia ndani zikakwaruza jicho mpaka mtu akapofuka, na wanawake huumia zaidi kwa kuwa ndio wanaolea watoto wenye maambukizi. Ukihesabu misiba, trakoma haimo kwenye daftari. Ukihesabu miaka, imo, pamoja na ile ya mjukuu anayekosa shule ili amshikie bibi fimbo. Malawi si tajiri kutuzidi, lakini mwaka 2022 ilithibitishwa kuwa imeondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Walitumia upasuaji wa kope, dawa, kunawa uso, maji na vyoo.

Wapo wenzetu waliopendekeza tujenge jengo lenye jina la chama. Tunaliheshimu wazo hilo. Jengo huonekana na hupigwa picha. Lakini tunaomba shilingi yoyote isitoke kabla ya mambo mawili kufanyika. Kwanza, tukae na waganga wafawidhi tusome vitabu vya MTUHA. Pili, tupite vijijini kuwaulizia wale wasiofika zahanati kabisa, kwa sababu asiyeona njia haandikwi rejista. Tukigundua mzigo uko kwenye kisima, tuchimbe kisima. Ukiwa kwenye macho ya bibi zetu, tulipie upasuaji. Ukiwa kwenye wodi, basi tutajenga, na sisi wa Kamati tutakuwa wa kwanza kubeba tofali.

Mwakani tutasimama hapa na hesabu ya fedha, na pembeni yake hesabu ya watu waliopata nafuu. Mtupime kwa zote mbili.

Kadi za ahadi zinapita sasa.