Mkono Mmoja Haulei Mwana

Hotuba ya wazazi wa mtoto anayelishwa kwa mpira, mbele ya viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo, Tabora



Tume ya Haki na Amani imetuomba tuseme juu ya malezi ya mtoto wetu. Sisi si waganga wala wanasheria. Tu wazazi wa mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye hawezi kula kwa mdomo. Twashukuru kwa nafasi hii, kwa maana mengi husemwa juu ya nyumba kama yetu, lakini ni wachache wanaoingia ndani na kuuliza.

Mtoto wetu alichelewa kulia alipozaliwa. Ubongo wake ulikosa hewa, na baadaye tukaelezwa kwamba ana mtindio wa ubongo. Misuli ya koo lake haifanyi kazi kwa mpango, hivyo maziwa yaliyopaswa kwenda tumboni yaliingia katika njia ya hewa. Kabla hajatimiza mwaka mmoja alikwisha kuugua nimonia mara tatu, na uzito wake ulikuwa ukipungua kila mwezi. Katika kituo kimoja cha tiba tuliambiwa tumrudishe nyumbani tumngojee Mungu. Jirani mmoja akatushauri tumtafute aliyetuloga. Mashauri hayo yote mawili tuliyakataa. Tuliuza baiskeli na magunia ya mpunga, tukasafiri zaidi ya kilomita 300 hadi hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Kwanza aliwekewa mpira wa kulishia kupitia puani. Baadaye alipasuliwa, akawekewa mpira unaoingia tumboni moja kwa moja kwa tundu dogo.

Tangu hapo twamlisha mara sita kwa siku. Chakula chake ni maziwa, na uji mwepesi wa ulezi na karanga uliochujwa vizuri usije ukaziba mpira, kwa kipimo tulichopewa na wataalamu wa lishe. Twanawa mikono kwa sabuni. Twamkalisha mtoto, kichwa kikiwa juu. Twaunga kwenye mpira bomba la sindano lililoondolewa kisukumio, twalishika juu kidogo ya tumbo lake, na chakula hushuka chenyewe taratibu, hatukilazimishi. Kisha twasafisha mpira kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na mtoto hubaki ameketi nusu saa ili chakula kisirudi kooni. Mlo mmoja huchukua nusu saa, na kumkalisha ni nusu saa nyingine. Milo sita basi ni saa sita za kila siku, Jumapili na sikukuu pia, mbali na kupika, kuchuja, kuchemsha vyombo na kumpa dawa za degedege.

Msidhani kwamba maisha hayo ni huzuni tupu. Mtoto huyu ameongezeka uzito. Huzijua sauti zetu, na treni ikipiga honi kule stesheni hucheka mpaka majirani wakacheka naye.

Saa hizo sita twazimudu. Kilichotuelemea ni kwamba kwa mwaka mzima mtu mmoja tu ndiye aliyeijua kazi hiyo, yaani mama yake. Hakuweza kwenda shamba, wala sokoni, wala kusali pamoja nanyi. Jumuiya ilikuja kututembelea, ikaimba, ikaacha sukari na sabuni, nasi twashukuru. Lakini hakuna aliyewahi kusema, “Nifundisheni na mimi.”

Mwaka uliopita alifiwa na mama yake mdogo huko Sikonge, akaenda kuzika, akanuia kurudi siku hiyo hiyo. Jioni ile mpira ulichomoka. Baba mtu na bibi walikuwa nyumbani, nao hawakujua la kufanya. Wakalifunika tundu kwa kitambaa safi, wakakubaliana kungoja mama arudi. Hawakujua kwamba tundu la namna hiyo huanza kuziba baada ya saa chache tu. Basi lilichelewa. Mama alipofika usiku alimchukua mtoto kwa bodaboda hadi hospitali, na tundu lilikuwa limekwisha kusinyaa. Daktari alifaulu kupitisha mpira mwembamba zaidi ili kulishikilia. Alituambia kwamba tungengoja hadi asubuhi, mtoto angehitaji kupasuliwa tena, Mwanza, kwa fedha ambazo hatukuwa nazo.

Usiku ule tulitambua kwamba kosa halikuwa la bibi wala la baba peke yake. Maarifa ya kumtunza mtoto yalikuwa yamewekwa kichwani mwa mtu mmoja, nasi sote tuliona hilo ni jambo la kawaida.

Ndugu zetu, sisi wa Tabora twakaa juu ya njia kuu ya kale iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi walijulikana kote kwa kazi ya upagazi. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, na mzigo uliomshinda mtu mmoja ulifungwa kwenye mti ukabebwa na wawili. Pale Kwihara, karibu na mji wetu, David Livingstone alikaa miezi mitano baada ya Stanley kuondoka mwezi Machi 1872, akingoja wapagazi kutoka pwani. Pamoja na sifa zake zote, hakuweza kuendelea bila mabega ya watu wengine.

Lakini tuseme kweli yote. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa katika minyororo, na aliyedhoofika aliachwa kando ya njia ili msafara usichelewe. Miembe ya njia hiyo iliyaona yote mawili, mzigo uliogawanywa na mtu aliyeachwa. Twawauliza bila kulaumu: msafara wetu wa leo ni wa aina gani?

Nchi yetu imekwisha kujibu katika maandishi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mtoto ana haki ya chakula na matibabu, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi. Sera ya afya imewasamehe malipo watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hayo ni mema, na tuyadai yatekelezwe. Hata hivyo nauli ya Mwanza haina msamaha, na hakuna sheria inayoweza kushika bomba la sindano saa nane ya usiku.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu.

Kwanza, kila jumuiya yenye mtoto wa namna hii iwatoe watu wanne, wanaume kwa wanawake, wakafundishwe na muuguzi kumlisha na kutambua hatari: mpira kuchomoka, mtoto kupaliwa, tumbo kuvimba, homa. Katika Injili wako watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza wakafumua paa ili afike mbele ya Bwana. Majina yao hatuyajui, ila twajua kwamba walikuwa wanne.

Pili, uwepo mfuko mdogo wa nauli na vifaa. Tusingoje harambee ya ghafla wakati mtoto amekwisha zidiwa.

Tatu, tukomeshe maneno ya uchawi na laana. Maneno hayo yamewafanya kina baba kukimbia nyumba zao na kina mama kuwaficha watoto chumbani. Mtoto aliyefichwa hapimwi uzito, hapelekwi kliniki, na akifa hakuna anayeuliza sababu.

Tangu usiku ule, baba na bibi wamejifunza, na jirani yetu mmoja ambaye si Mkristo amejifunza pia. Jumapili iliyopita mama wa mtoto alisali Misa nzima kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Jirani yule ndiye aliyebaki akimlisha mtoto.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Twaomba mkono wa pili, na wa tatu, na wa nne.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, katika mtaa wetu yupo mtoto mgonjwa au mlemavu ambaye hatumwoni kanisani wala kliniki? Nani atakwenda kumtembelea?

2. Tukimtembelea, je, twapeleka zawadi tu, au tu tayari pia kujifunza kazi ya kumtunza?

3. Ni watu gani wanne wa jumuiya yetu watakaoanza?