Kodi ya Soda: Tunapima Lita au Sukari?

Wadau, kila msimu wa bajeti tunasikia: "Pandisheni kodi ya soda, unene umezidi." Upande wa pili unajibu: "Mtaumiza mwananchi wa kawaida."

Lakini soda tayari inatozwa. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya 2015 iliiweka kapu moja na maji ya chupa: shilingi 5 kwa lita. Sukari haikupimwa.

Uingereza, tangu 2018, soda yenye sukari chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hailipi. Ikifika gramu 8, inalipa zaidi. Kampuni nyingi zikapunguza sukari kukwepa kodi.

Kwa hivyo mwanasiasa akikuletea hii stori, muulize: unatoza lita ama sukari? Akisema lita, jua anatafuta pesa tu, afya ni pambo.