Karatasi ya Damu Tusiitupe



Mtu akifika kituo cha afya na homa na kikohozi, mara nyingi anaandikiwa kipimo cha malaria, na chini yake herufi hizi: GB, FL. GB ni hesabu ya chembe nyeupe, askari wa damu. FL ni mgawanyo wa askari hao. Fundi wa maabara anapaka tone la damu kwenye kioo, analitia rangi, anainamia darubini na kuhesabu chembe 100, moja moja. Mwishowe anaandika: N 78, L 20, E 2. Mgonjwa anapewa dawa ya malaria, anakunja karatasi, anakwenda zake.

Karatasi hiyo ina habari kubwa. N ni neutrofili. L ni limfositi, ambazo husaidia sana kupambana na virusi. Januari 2020, madaktari wa Wuhan, China, walieleza wagonjwa wao 41 wa kwanza wa Covid: zaidi ya nusu walikuwa na limfositi chache. Tafiti nyingi zilizofuata zilionyesha kwamba limfositi zinaposhuka huku neutrofili zikipanda, mgonjwa yuko karibu zaidi na kuhitaji oksijeni. Chukua huyo mgonjwa wetu: 78 kwa 20 ni karibu mara 4. Kesho kutwa akipimwa tena akawa N 88, L 9, imefika karibu mara 10. Hapo asiambiwe arudi nyumbani akapumzike.

Kwetu Lualaba jambo hili lina uzito wake. Tunavuta vumbi la migodi kila siku. Utafiti uliotoka 2018 ulikuta watu wa mtaa wa Kasulo, watoto zaidi, wana kobalti nyingi mwilini kuliko wakaaji wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Na oksijeni iko mbali. Mgonjwa wa kijiji cha upande wa Sandoa akisubiri mpaka pumzi ikate, barabara itammaliza. Dalili ya mapema ndiyo inayompa nafasi.

Lakini viwango vya Wuhan tusivinakili. Waafrika wengi tumezaliwa na damu ya aina inayoitwa Duffy hasi, inayokinga sana dhidi ya aina moja ya malaria, na wenye damu hiyo huwa na neutrofili chache hata wakiwa wazima. Malaria yenyewe na virusi vya UKIMWI hupunguza limfositi. Sindano ya deksametasoni, ambayo wengine huchomwa mtaani kabla ya kufika hospitali, hupandisha neutrofili. Tena magonjwa huja pamoja: mwishoni mwa 2024 kule Panzi, jimbo la Kwango, watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa uliosemwa haujulikani. Vipimo vikaonyesha virusi vya kawaida vya mfumo wa hewa, vimechanganyika na malaria na utapiamlo. Kwa hiyo FL isisomwe peke yake. Muuguzi ahesabu pumzi, aweke kile kipimo cha oksijeni kwenye kidole, aulize mgonjwa amekwisha kuchomwa nini.

Maoni yangu ni kwamba Lualaba inahitaji viwango vyake yenyewe, vinavyotokana na damu za watu wake. Hilo halitaki mashine ya ajabu. Linataka darubini nzima, rangi isiyokwisha katikati ya mwezi, fundi anayelipwa, na daftari linalotunzwa. Sheria ya madini ya 2018 inazidai kampuni za migodi angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Enyi mnaokaa kwenye kamati za kupanga fedha hizo, mnapoorodhesha madarasa na visima, andikeni na maabara.

Na wewe mama, wewe baba unayemuuguza mtu nyumbani: karatasi ya juzi usiitupe. Ukirudi kupima, mpelekee daktari zote mbili, umwombe azilinganishe mbele yako.