Stesheni Ambayo Treni Haisimami



Huko Marekani, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, lipo jengo lenye mnara wa ghorofa 17, nalo halina abiria hata mmoja. Ni stesheni kuu ya zamani ya reli. Ilifunguliwa tarehe 22 Juni 1929, ikitazamiwa kuhudumia treni 200 kwa siku na abiria 3,200 kwa saa. Miezi minne baadaye masoko ya fedha yalianguka, na matazamio hayo yakapungua.

Hata hivyo, wakati wa Vita Kuu ya Pili stesheni ilifurika watu. Ukumbini alisimamishwa nyati aliyekaushwa, kwa heshima ya jina la mji, na askari waliokuwa wakisafiri walimnyofoa manyoya, hata ikabidi awekwe mwingine wa plasta. Tusiharakishe kuwaita waharibifu. Kijana anayeondoka asijue kama atarudi hutaka kushika kitu cha kwao mkononi, ijapokuwa ni unyoya wa mnyama.

Kisha watu wakahamia magari na ndege. Mnamo Oktoba 1979 treni ya mwisho ya abiria iliondoka. Kilichong'oleka kiling'olewa; hata saa kubwa ya ukumbini iliuzwa. Mwaka 1997 chama cha wenyeji kilichukua jengo hilo kwa dola 1 pamoja na madeni ya kodi. Wakazoa takataka, wakaziba mapaa. Na saa ile ilipoonekana kwa mfanyabiashara huko Chicago, wakachanga fedha wakaikomboa.

Je, ni haki kugharamia nyumba iliyokufa, ilhali mitaa inayoizunguka ina maskini wengi? Swali hili ni zito, na anayeliuliza si adui wa historia. Lakini tuangalie ni nani waliolishika koleo. Mtaa ule ulikaliwa na wahamiaji Wakatoliki kutoka Poland, na wajukuu wao wamewahi kurudi kusherehekea Jumatatu ya Pasaka katika ukumbi uleule, ambamo baridi, tunadhani, iliwakumbusha upesi kuwa ni gofu. Hao hawapendi mawe tu. Hapo ndipo jamaa zao walipofika na mizigo yao, na hapo ndipo mama zao walipoagana na watoto. Nyumba ya namna hiyo ikibomolewa, hakuna mahali pengine pa kumwonyesha mtoto na kumwambia, "Ni hapa."

Mwaka 2017, mji ulipohitaji stesheni mpya, kamati ilichagua kuijenga katikati ya mji. Wenyeji walihuzunika, lakini hawakuacha kazi, na mwaka 2022 serikali ya jimbo ilitangaza dola milioni 61 za kuitengeneza ile ya kale. Treni za abiria zingali zikipita kando yake kila siku, wala hazisimami.