"Huyu Si Mume Wangu": Wagonjwa Wanaowakana Watu wa Nyumbani, Masisi na Walikale

Ndugu wauguzi, mareko (wahudumu wa afya wa jamii) na wachungaji,

Mwaka 1923 daktari Mfaransa Joseph Capgras na mwenzake Jean Reboul-Lachaux walieleza habari za mwanamke aliyeshikilia kwamba watu wa nyumbani kwake wametoroshwa, na mahali pao wamewekwa wengine waliofanana nao. Hali hiyo huonekana mara nyingi katika skizofrenia. Huweza pia kuletwa na jeraha la kichwa, kifafa au ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, kwa hiyo mpimeni mgonjwa homa na mumuulize kuhusu kuanguka kabla ya kumwita mwendawazimu.

Miaka ya 1990 watafiti walipima jasho la ngozi. Sisi tukiona uso wa mzazi, ngozi huitikia hata kabla hatujasema neno. Kwa wagonjwa hawa mwitikio huo ulikuwa hafifu. Macho yanatambua sura, moyo haumpokei mwenye sura. Ndipo akili hutafuta sababu, na huiokota katika maisha ya mahali mgonjwa anapoishi.

Kwetu, Masisi na Walikale katika Kivu Kaskazini, sababu hizo ni tele. Tangu vita vilivyoanzia Ntoto, Walikale, mwaka 1993, watu wamezoea kumhofia jirani, mpelelezi, mtu aliyetoka msituni. Mama wa Pinga akisema, "Huyu amevaa sura ya mume wangu," majirani hawasikii ugonjwa. Wanasikia taarifa ya usalama, au uchawi. Mume asiye na kosa anaweza kupigwa, hata kuuawa, na mgonjwa mwenyewe anaweza kumdhuru akidhani anajilinda. Hapa ndipo ninapowasihi sana: mlindeni anayekanwa, hata kama ni kwa kumhamishia kwa ndugu zake siku chache.

Lakini tusichanganye mambo. Kijana akirudi kutoka kwa kundi la silaha baada ya miaka mingi, mama yake akasita na kusema, "Sikujui tena," hiyo si lazima iwe dalili ya ugonjwa. Mama huyo huuliza, hulia, hukagua kovu, mwisho hukubali. Mgonjwa huliona kovu lile lile akasema wamelichora.

Msibishane naye, wala msimkubalie. Muulizeni analala vipi, anasikia sauti gani, na kama ana mpango wa kumfanya lolote "mgeni" huyo. Jaribuni pia simu: yuko mgonjwa mmoja aliyeandikwa mwaka 1997, aliyewakana wazazi wake uso kwa uso, ila akawatambua kwa sauti kwenye simu. Jambo hilo halimponyi mtu, lakini laweza kuipa familia njia ya kuzungumza.

Dawa za kutuliza hali hii, kama haloperidoli na risperidoni, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zinahitaji kunywewa kwa miezi mingi. Barabara ya Sake hadi Masisi ikifungwa kwa mapigano, mgonjwa hukatiza dawa na mashaka hurudi. Naomba kila zone ya afya, kuanzia Mweso na Katoyi hadi Kibua na Itebero, iweke akiba ya miezi mitatu kituoni, na familia ipewe ya mwezi mzima inapolazimika kukimbia.